Pikapu ya samaki iliyooza chini ya bati: kisa cha kutu, kuanzia alichosema fundi mpaka tulichokifanya uani

Gari yenyewe ni Hilux ya 1993, singo kebini, injini 2L ya dizeli ile ya lita 2.4, mali ya bamdogo hapa Tanga. Kazi yake ni samaki. Inapakia Deep Sea, soko la samaki la hapa Tanga, asubuhi na mapema inapanda Muheza, siku zingine mpaka Korogwe, samaki wamelazwa kwenye barafu, na barafu ikishaanza kuyeyuka ni maji ya chumvi na damu yanatembea bodini njia nzima yanadondokea popote yanapopata upenyo. Injini haina tatizo mpaka leo, stata moja imewaka, ndo mana mwenyewe hataki kusikia habari ya kuiuza, na ukweli gari za kizazi hiki ukishaiachia hupati nyingine nzima kama hiyo kwa hela ile ile.

Alianza kulalamika kwamba akipita tuta nyuma kushoto panagonga, halafu mvua ikinyesha kapeti chini ya miguu ya dereva linalowa, na mlango wa abiria mpaka uunyanyue kidogo ndo ukubali kufunga. Akaipeleka kwa fundi bodi, fundi kaizunguka, kabonyezabonyeza, kasema "mzee wangu hii tunakata pale palipotoboka, tunapiga puti, tunapuliza rangi, chini tunapaka andakoti, unaondoka na gari mpya." Puti ni ile unga-unga ya kujazia mabonde ya bati, andakoti ni rangi nene ya kupaka chini ya gari. Bei ilikuwa nzuri. Bamdogo akaniita nikaiangalie kabla hajatoa advansi, mana gari hii ilishapigwa puti hivohivo miaka ya nyuma na masika ya kwanza tu rangi ikaanza kuvimba malengelenge kwenye sehemu zilezile.

Hapo ndo penye hoja yangu yote. Mtu akiona kutu anauliza rangi gani, puti gani, dawa gani, wakati swali la kwanza ni maji yanaingilia wapi na yanakwama wapi. Ukichomelea bati jipya bila kujibu hilo umeweka chakula kipya mezani kwa kutu, na kwenye gari ya samaki chakula hicho kinaliwa haraka sana.

Tulianza na nyundo ndogo na bisibisi bapa, basi. Unagonga taratibu unasikiliza, chuma kizima kinalia, chuma kilichooza kinatoa sauti ya kufa, bu bu bu, na pale panapotoa sauti hiyo unasukuma bisibisi. Kwenye floo ya dereva bisibisi ilizama mpaka mpini. Juu kulikuwa na kapeti, chini ya kapeti lami ya kuzuia kelele, chini ya lami kipande cha bati walichokiweka mafundi wa zamani juu ya floo iliyooza bila kuikata ile ya zamani, yaani bati juu ya bati na katikati ni uchafu wenye unyevu. Na kile kipande kilikuwa kimeziba tundu la kutolea maji ambalo Toyota wenyewe waliliweka. Maji yakiingia yanakaa humo.

Yanaingilia wapi sasa? Tukamwagia kioo cha mbele maji kwa mpira, mmoja nje mmoja ndani na tochi, na haikuchukua muda, tone linatokea kona ya chini kulia, linashuka nyuma ya dashibodi, linafuata waya mpaka sakafuni. Hilux hizi kioo kimeshikwa na raba, na raba ikishakakamaa maji yanakaa kwenye ule mfereji chini yake, bati la pale linaoza huku kwa nje unaona mstari mdogo tu wa rangi ya kahawia. Kwa hiyo floo ilikuwa inaoza kwa sababu ya kioo. Ungechomelea floo mara ngapi?

Bodi ya nyuma ndo ilinisikitisha zaidi, kwa sababu kilichoiharibu kiliwekwa kwa nia ya kuilinda. Zamani mtu aliipigia sakafu ya bodi shiti za aluminiamu kwa riveti ili samaki wakae pasafi, ukiangalia juu inang'aa. Lakini riveti zinatoboa, mishono inapitisha, maji ya chumvi yanaingia katikati ya aluminiamu na chuma na hayana pa kutokea, hayakauki usiku hayakauki mchana. Tulipong'oa shiti ya kwanza aluminiamu kwa chini ilikuwa imeota unga mweupe kuzunguka kila riveti, hiyo ni kawaida metali mbili tofauti zikigusana ndani ya chumvi, na chuma cha chini yake kilikuwa kinabanduka tabaka tabaka unazivunja kwa mkono. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndo mana mabati mawili yaliyobanana yanatanuka yanapeana mgongo mpaka mshono unapasuka wenyewe.

Watu wa huku pwani tunajua chumvi inakula chuma ila wengi hawajui inavyokula. Chumvi haihitaji mvua. Hewa ikifika unyevu wa asilimia 75 hivi, chumvi ya kawaida inavuta maji yenyewe kutoka hewani mpaka inayeyuka, na huku kwetu usiku na alfajiri kiwango hicho kinavukwa bila shida. Maana yake gari imepaki, haijamwagiwa kitu, ila penye chumvi pameloa, na maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri kuliko maji matupu kwa hiyo kutu inakimbia. Ndo mana mtu anakwambia "gari yangu nimeiweka bandani kavu kabisa" na bado inaoza.

Nyuma kushoto panapogonga tuliachia mwisho, na kusema kweli ndo palipaswa kuwa pa kwanza, mana floo ikitoboka unalowa miguu ila chesisi ikikatika na mzigo mteremko wa barabarani ni habari nyingine. Chesisi ya Hilux kwa nyuma inapanda kupita juu ya ekseli halafu inashuka, na kile kipande kinachopanda ni boksi, kuna uwazi ndani. Maji ya bodini yalikuwa yanadondokea hapo juu miaka yote. Nje palikuwa na andakoti nene nyeusi, safi, inapendeza. Nikagonga nyundo, ikatoa ile sauti. Tukakwangua andakoti kwa tindo ikatoka vipande vikubwa, na kutu imeshikana nayo kwa nyuma, chini yake tundu la kuingiza vidole, hapohapo karibu na pale inaposhikilia shakeli, kile kiungo cha kushika mwisho wa springi kwenye chesisi. Tukaingiza waya mgumu wenye ndoano ndani ya boksi tukavuta, ukatoka mchanga mweusi mbichi, umechanganyika na magamba ya samaki. Magamba ndani ya chesisi. Bamdogo alikaa kimya akaniambia "mwanangu, na mimi napandisha nayo watu."

Tatizo la chesisi za Toyota kuoza sio geni duniani. Kule Marekani mwaka 2008 kampuni ilitangaza kununua tena Tacoma za 1995 mpaka 2000 ambazo chesisi zimetoboka kwa mara moja na nusu ya thamani ya gari, na kule chumvi inatoka barabarani, inamwagwa kuyeyusha barafu wakati wa baridi. Kwetu chumvi inatoka mgongoni mwa gari yenyewe, ila sehemu inayoliwa ni zilezile, ndani ya boksi ambako mtu haoni.

Tukakaa tukagawa kazi. Kusafisha, kukata, kupima, kupaka, kufungua na kufunga, hiyo ya uani, tunaiweza. Kuchomelea chesisi hapana, hiyo tukamtafuta mchomeleaji anayefanya matrela ya malori, mtu anayejua mshono unaobeba mzigo ukoje, tukamleta nyumbani gari ikiwa imeshafunguliwa na kusafishwa ili asilipwe kwa kukwangua. Na tulikubaliana mapema kwamba kama baada ya kusafisha tungekuta chesisi imeoza pande zote mbili, au imeoza pale ekseli ya mbele inaposhikilia, basi tusingeshona, tungetafuta chesisi nyingine. Bahati ilikuwa kushoto tu, eneo la kama mkono mmoja kutoka kiwiko mpaka vidoleni, na kulia ilikuwa kutu ya juu juu.

Kufungua bodi ya nyuma ndo kazi iliyokula jasho. Bolti zimeganda, tukazimwagia dizeli jioni na asubuhi siku kadhaa kabla, zingine zikatoka zingine tukazikata na grainda. Tangi la mafuta tukalishusha lote tukalipeleka mbali upande wa pili wa nyumba limefunikwa, sio kulisogeza tu, kulitoa. Paipu za breki zinazopita kwenye chesisi tukazifungua, na zilikuwa zimeliwa kiasi kwamba hatukuzirudisha, tukaweka mpya. Waya za betri tukatoa zote mbili na soketi ya olteneta tukaichomoa, mana umeme wa mashine ya kuchomelea unaweza kuunguza dayodi zilizo ndani ya olteneta. Gari ikakaa juu ya stendi nne pande zote, jeki ni ya kunyanyulia tu, hakuna mtu aliyelala chini ya gari iliyoshikwa na jeki.

Sasa hapa nataka nikae kidogo, mana ndo hatua inayorukwa na karibu kila mtu ninayemuona anafanya kazi hii. Kabla ya brashi ya waya, kabla ya msasa, tulianza na maji baridi. Maji ya bomba, mengi, mpira unaingia ndani ya boksi ya chesisi unasukuma mpaka yanayotoka mwisho yawe meupe, na brashi ngumu inasugua kila palipo na kutu. Watu wanashangaa, unatibu kutu kwa maji? Ni kwamba chumvi iko ndani ya vishimo vya kutu, ukianza na grainda unaitandaza na unaifukia, juu panang'aa lakini kwenye mashimo imebaki. Tuliyaona kwa macho. Sehemu moja ya chesisi tuliipiga brashi ya waya ya grainda mpaka ikawa nyeupe kama kijiko, jioni, asubuhi ikawa na vidoadoa vyeusi na kila kidoa kimezungukwa na unyevu wakati chuma cha pembeni kikavu. Hivyo vidoa ni chumvi iliyobaki. Ukipaka rangi juu ya hapo, hata iwe rangi ya meli, itavimba. Tukaosha tena, tukasugua, tukakausha kwa kompresa na jua, tukapiga brashi tena, tukaiacha usiku, mpaka ikaamka safi. Hiyo ndo ilikuwa ruhusa ya kupaka.

Dawa ya kutu, ile ya asidi ya fosfori, tuliitumia lakini kwa kiasi chake. Inafanya kazi kwenye kutu nyembamba iliyoshika chuma, inaibadilisha inakuwa fosfeti. Kwenye kutu inayobanduka magamba inapaka juu tu, ndani inaendelea. Mtu akikuuzia chupa akakwambia haihitaji kukwangua muache nayo.

Chesisi tulikata mpaka kwenye chuma kizima, yaani mpaka pale ukipima unene uko sawa na upande mzima, sio mpaka pale tundu linapoisha. Plate ya mm 3. Fundi akakata miisho ya plate kwa mshazari, ncha kama ya mkuki, na akatukataza kabisa mshono uliosimama wima kukatiza chesisi, kwa sababu chesisi inapinda kila ikipita bonde, na mshono wima unakuwa ndo mstari wa kukatikia, ufa unaanzia pale joto lilipoishia. Akachomelea kidogo upande huu, akahama upande wa pili, akaacha ipoe yenyewe, hakumwagia maji. Rodi alikuja nazo zake 7018, aina ya kushonea kazi ya kubeba mzigo, zimefungwa kavu kwenye kopo, na hilo lilinipa imani naye, mana rodi hizo zikinyonya unyevu mshono unakuwa na vitundu. Pale kwenye shakeli hakuweka kiraka, alitoa kipande chote kilichooza akajenga upya.

Floo tulifanya wenyewe kwa mashine ndogo ya inveta na rodi za mm 2, bati jeusi geji 18. Kuna mtu alishauri tutumie mabati ya paa yaliyobaki, yapo tu, bure. Nikakataa. Bati la paa ni jembamba na lina zinki, na zinki ikiungua moshi wake mweupe unakupa homa na baridi usiku ule ule, ukilazimika kuchomelea kitu chenye zinki kwanza unaisaga kote utakakopita na moto na unafanya pa wazi. Kwa bati jembamba usivute mshono mrefu, unapiga nukta, unaruka mbali, nukta nyingine, unarudi, vinginevyo linapinda na kutoboka. Penye mwanya tukaweka kipande cha shaba kwa nyuma, moto unapita juu yake haushiki. Na kapeti, lami, viti, vyote nje, ndoo ya maji na mtu wa kuangalia chini, na kazi ikiisha mtu anabaki pale muda mrefu, kwa sababu lami ya kuzuia kelele inaweza kufuka polepole usione.

Kwenye rangi sitakaa sana. Chuma kitupu kinapata praima ya epoksi, ile ya vyombo viwili unavyochanganya kabla ya kupaka, siku ileile kilipokauka, kisilale uchi hata usiku mmoja kwa hewa yetu. Redioksaidi ya kawaida, ile praima nyekundu, ni nzuri kwa geti lakini yenyewe inapitisha unyevu, haiwezi kuwa kinga ya mwisho chini ya gari ya samaki. Mishono yote ikajazwa sili ya mabodi juu ya praima. Puti tulitumia kidogo sana, kwenye kona ya kioo tu kusawazisha, na ilikaa juu ya epoksi sio juu ya chuma, kwa sababu puti inanyonya maji. Hapo ndo ile puti ya kwanza ilipofeli, walijaza tundu kwa puti tupu, nyuma yake hewa na maji yanapita.

Ndani ya boksi za chesisi tukapuliza nta ya kujaza mapango kwa mpira mwembamba, ikatoka kwenye kila tundu, na matundu ya chini tukayazibua tukahakikisha yanabaki wazi. Hapa bamdogo alitaka oili chafu kama wenzake wote wa Deep Sea wanavyofanya, wanapiga chini ya gari kila baada ya muda. Nilimwambia ukweli kwamba oili chafu inasaidia kiasi, chuma chenye mafuta hakioti kutu haraka, ila inaoshwa na maji, inashika vumbi, inakula bushi na raba, na inadondoka uani wanakochezea watoto. Nta inakaa. Tukakubaliana nta, na kuirudia kila mwaka kabla ya masika.

Halafu maji ya samaki yenyewe. Aluminiamu haikurudi. Sakafu ya bodi iliyooza tumeibadilisha, imepakwa epoksi ikabaki wazi, ukiinama unaiona yote, na samaki sasa wanakaa kwenye makreti na matanki ya plastiki yenye mfuniko, yana koki na mpira unaotoa maji nyuma kabisa ya bampa, yasiguse chesisi wala springi. Na kila akirudi safari anafungua bomba anaosha kwa maji baridi bodi, chini, ndani ya madigadi. Hii ya mwisho nimeisisitiza kuliko rangi zote, mana maji ya bomba ya robo saa yanaondoa kile ambacho asidi na msasa vitahangaika nacho baadaye.

Kazi yote tuliifanya kipindi cha kusi, bahari imechafuka samaki wachache, gari haikuwa na biashara kubwa ya kukosa. Kioo cha mbele tulikitoa, mfereji ukasafishwa ukachomelewa kona ile, raba mpya. Tumeshavuka mvua za vuli, nikashusha kapeti, kavu. Chesisi nimeigonga urefu wote, inalia. Sehemu moja tu nimekuta machozi ya kahawia, mshono wa bodi nyuma ya tairi la kulia, mawe yalichubua sili, nikaikwangua palepale nikaosha nikapaka upya. Mlango wa abiria unafunga bila kunyanyuliwa tangu tubadilishe raba za kushikia kebini na kujenga upya pale zinapokaa, ila bati lake la chini kwa ndani limeshaanza, matundu ya kutolea maji yalikuwa yamezibwa na rangi ya zamani. Nimeyazibua, nimepuliza nta. Bati lenyewe litakatwa kusi ijayo.